Picha ndogo iingie kwenye wimbo, kubwa ikae pembeni

Mmeuliza wiki hii kava za albamu tunazihifadhije kwenye nyimbo za simu na kompyuta, na kama kuna mtu bado anazijali. Mi nazijali sana tu. Picha ndogo naiingiza ndani ya faili la wimbo lenyewe, kubwa naiacha kwenye folda nyingine huko kompyuta, na ile kazi ya programu kujitafutia kava mtandaoni nimeizima kabisa kwa muziki wa kwetu.

Kwanini ndani ya wimbo? Wengi wanaweka picha moja inayoitwa cover.jpg au folder.jpg kwenye folda ya albamu, kwenye kompyuta inakubali vizuri tu, ila ukihamishia kwenye simu ya Android zinamwagika zote kwenye galari, unatafuta picha za harusi ya dada unakutana na bendi nzima imevaa bugaluu. Utaambiwa weka faili tupu la .nomedia mle ndani, na kweli picha zinapotea, lakini na nyimbo nazo zinapotea kwenye pleya nyingi maana simu inairuka folda nzima. Ikiwa ndani ya MP3 inakwenda na wimbo popote. Kuiingiza natumia Mp3tag, programu ya kuhariri maelezo ya wimbo, kwa Windows ni ya bure, wapo wanaopenda nyingine ya kazi hiyohiyo, MusicBrainz Picard, sawa tu. Ila msiweke mapicha makubwa, albamu ya nyimbo 12 ukiipa picha ya MB 2 ujue kila wimbo umebeba ya kwake, tayari MB 24 za kitu kilekile. Pikseli 600 kwa 600 zinatosha.

Sasa muziki wa zamani ndo kwenye kazi. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 70 zilitoka kwenye santuri ndogo za 45, yaani zinazozunguka mara 45 kwa dakika, wimbo mmoja mbele mmoja nyuma, na nyingi ziliuzwa ndani ya bahasha ya karatasi ya kampuni yenye tundu katikati, kava hakuna. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, hizo ni santuri za zamani zaidi za mizunguko 78, kava utaitoa wapi? Hapo naweka picha ya ile lebo ya duara ya katikati, ina jina la mwimbaji, kampuni na namba ya santuri, kuliko hawa wanaobandika jua linazama Zanzibar kwenye kila taarabu, jamani hapana.

Kaseti nazo kava yake imesimama wima wakati pleya zinataka mraba, basi watu wanakata juu na chini, vichwa vya wanamuziki vinaondoka. Mi naiacha nzima naongeza weusi pembeni. Kava ya LP, ile santuri kubwa, ina kama sm 31 kila upande, skana ya A4 haiimezi, naipiga kwa simu karibu na mlango bila flashi, na nyuma napiga pia kwa sababu mara nyingi majina ya wapiga magitaa yako huko, na tagi ya MP3, yaani yale maelezo yaliyomo ndani ya faili, ina nafasi ya kava ya mbele na ya nyuma. Mtu akinitumia ya kwake kwa WhatsApp namwomba atume kama dokumenti, akituma kama picha inabanwa mpaka maandishi madogo hayasomeki.

Halafu kuna bongo fleva za kudownload, zile tovuti zinabandika logo yao kwenye wimbo na jina lao kwenye sehemu ya albamu, so pleya inaona wasanii thelathini ni albamu moja! Na za vibandani za kuingiziwa kwenye memori kadi, albamu yote imeandikwa Unknown, ukiweka picha kwa wimbo mmoja unashangaa singeli na kwaya zote zina sura moja. Rekebisha jina la albamu kwanza, picha baadaye.

Kwenye redio ya gari, kama picha haitokei, sevu tagi kwa toleo la ID3v2.3 badala ya 2.4, unachagua kwenye programu ya tagi, na JPEG iwe ya kawaida isiwe ile ya progresivu inayojitokeza kwa hatua, kwanza ukungu halafu safi, redio nyingi haziijui hiyo. Ikigoma na hapo basi redio yenyewe haionyeshi picha, zipo kibao za hivyo.