Vijiti vya oksidi ya zinki vinalala ovyo: angalia mbegu kwanza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, niko nyumbani Chumbageni, Tanga, na nimeruhusiwa kutumia maabara ya shule ya sekondari. Naotesha vijiti vya nano vya oksidi ya zinki juu ya slaidi za kioo, kwa nitrati ya zinki na heksamini kwenye nyuzi 90. Mmumunyo unageuka maziwa, na picha za hadubini ya elektroni nilizopigiwa Dar zinaonyesha vijiti vimelala kila upande. Nimebadilisha muda na vipimo vya kemikali, wapi. Nifanyeje visimame? Na je, naweza kuvipanga kwa mpangilio maalumu bila mashine za gharama?

JIBU: Marahaba. Katika barua yako umeeleza mmumunyo kwa kirefu, lakini mbegu, yaani tabaka la fuwele ndogondogo za oksidi ya zinki juu ya kioo ambamo vijiti huanzia, hukuitaja hata mara moja. Nadhani tatizo liko hapo. Ukipita mashamba ya katani njia ya Muheza, mistari ile imenyooka kwa sababu ya aliyepanda miche. Mvua hainyooshi mstari. Mmumunyo wako ndio mvua.

Fuwele ya oksidi ya zinki ina pembe sita na hurefuka upesi zaidi kwa mhimili mmoja, unaoitwa c. Mbegu ikielekeza mhimili huo juu, kijiti kitasimama; ikilala, kitalala nayo. Ukiotesha juu ya fuwele ya naitraidi ya galiamu, vijiti husimama vyenyewe, maana vipimo vya fuwele hizo mbili vinatofautiana kwa chini ya asilimia 2. Kioo hakina mpangilio wowote wa atomi wa kukusaidia, kwa hiyo lazima uupandikize wewe.

Kutengeneza mbegu, yeyusha gramu 0.11 za asetati ya zinki katika mililita 100 za ethanoli. Dondoshea kwenye slaidi iliyosafishwa vizuri, subiri sekunde kama kumi, suuza kwa ethanoli safi, kausha, kisha rudia mara tatu hadi tano. Baada ya hapo ipashe moto nyuzi 350 kwa dakika 20. Oveni ya jikoni haifiki joto hilo, kwa hiyo tafuta tanuri la maabara. Jihadhari pia na hewa ya pwani, hasa masika: ethanoli inapokauka hupoza kioo, unyevu unaganda juu yake, na tabaka la mbegu linatoka na mabaka. Kausha kwa hewa kavu na funga chupa ya ethanoli kila unapomaliza kuchota.

Mmumunyo wenyewe hauhitaji makuu. Kwa mililita 100, weka gramu 0.74 za nitrati ya zinki (ile yenye maji sita) na gramu 0.35 za heksamini. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima. Bikaboneti iliyomo hukamata zinki na kuifanya mashapo. Kama maabara haina maji yaliyotoneshwa, nunua maji ya betri, ila soma lebo usije ukapewa asidi. Weupe kiasi ni wa kawaida, kwani fuwele nyingine huzaliwa ndani ya mmumunyo. Ubaya wake ni kwamba zinakula zinki ya vijiti vyako na kushukia juu ya slaidi. Ndiyo maana slaidi huning'inizwa uso wenye mbegu ukitazama chini. Hili wengi hulipuuza, nami naliona ni la lazima. Ukitaka vijiti virefu, badilisha mmumunyo kila baada ya saa chache. Chupa iwe na kifuniko, na chumba kiwe na hewa ya kutosha: heksamini ikivunjika hutoa amonia na fomaldehaidi.

Kuhusu kuvipanga, inawezekana. Mwaka 2004 kundi la Zhong Lin Wang huko Georgia Tech, Marekani, lilitumia shanga ndogo za polistairini (aina ya plastiki) kama kiolezo cha kuwekea dhahabu, kisha likaotesha vijiti juu ya dhahabu hiyo kwa mvuke wenye joto kali. Wewe huna tanuri la mvuke, lakini shanga unaweza kuzitumia. Agiza za mikromita 1. Zichanganye na ethanoli, ziteremshe taratibu juu ya maji kupitia kipande cha kioo kilichoinama, na zitandae tabaka moja. Tone dogo la sabuni pembeni litazisukuma zishikamane. Ziopoe kwa slaidi safi kutoka chini. Zikikauka, zipashe karibu na nyuzi 100 kwa dakika chache tu zishike kioo, kisha weka mmumunyo wa mbegu uingie kwenye mianya. Ziondoe kwa toluini kabla ya zile nyuzi 350, la sivyo zitayeyuka na kuharibu kila kitu. Toluini itumie kwenye kabati la kufyonza hewa, mbali na moto.

Kabla ya kuweka mbegu, jaribu mpangilio kwa leza ya kijani ya nanomita 532, ukiipitisha wima kwenye slaidi hadi ukutani. Shanga za mikromita 1 zilizopangika zitatoa nukta sita, kila moja kwenye pembe ya nyuzi kama 38 kutoka mwale wa kati. Shanga za nanomita 500 hazitatoa nukta hizo hata zikipangika vizuri, kwa sababu umbali kati ya safu za shanga ni mdogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga huo. Ukiona duara badala ya nukta, vipande vyako vya mpangilio ni vidogo kuliko upana wa mwale: safisha kioo tena na urudie hatua ya maji, polepole zaidi.