Okidi haizikwi, jamani

Juzi nimeingia kitaluni asubuhi nikakuta kijana amepanga okidi chui, ile mimea ya maua, kumi na mbili kwenye mifuko myeusi, kila moja imeshindiliwa udongo hadi shingoni, na juu yake samadi ya kuku. Amezimwagilia vizuri, anatabasamu. Sikumgombeza. Nilikaa juu ya jerikeni nikamwambia, "Chomoa zote." Huyo ni wa nne mwaka huu, ndiyo maana nawaandikia ninyi wenzangu wa kitaluni.

1. Okidi chui, ile ya kibao cha Ansellia africana, hukaa mtini. Imeshika gome tu, hainyonyi mti. Wateja watawaambia ni kupe. Waelezeni kwa upole, kisha wauzieni. Na msiogope Kilatini: jina hilo ni la John Ansell, mtunza bustani kama sisi, aliyeikuta kisiwa cha Fernando Po, sasa Bioko, mwaka 1841. Profesa alikuja baadaye kuandika.

2. Mwanga. Majani yakiwa kijani kilichokolea mkayasifu, mjue maua hamtayaona. Yanatakiwa yaelekee umanjano kidogo. Jua la asubuhi liipate.

3. Mizizi. Hapa nisikilizeni.

Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja wa Bombo alishuka kwenye teksi amepakata gunia kama mtoto mwenye homa. Ndani mlikuwa na kichaka cha okidi chui. Mvule wa nyuma ya nyumba yao ulikuwa umekatwa, na marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akiipenda. "Mwanangu, nitunzie mpaka nipate mti mwingine."

Nikaitazama. Miwa, yaani mashina yake manene, kama kumi na tano, imenona, na shinani mizizi myeupe imesimama wima kama miiba ya nungunungu, imenasa majani makavu, vipande vya gome na kinyesi cha ndege. Mimi fundi, nikaona uchafu. Nikachukua mkasi wa kupogolea nikainyoa yote, safi kama kichwa cha bwana harusi, nikamwita mwenzangu aje aone. Kumbe mizizi ile inayoelekea juu ndiyo kapu lake: hunasa majani yanayodondoka, yakioza humo ndiyo mbolea yake. Nilikuwa nimempokonya mtu sahani mbele ya chakula.

Ningeishia hapo, afadhali. Mmea ukaanza kuyumba kwenye gogo, nikaona dawa ni kuuzika. Chungu kikubwa, udongo wa msituni, samadi, maji asubuhi na jioni. Wiki ya tatu nikashika muwa mmoja niunyooshe, ukabaki mkononi. Chini ulikuwa wa kahawia, laini kama ndizi iliyosahaulika kapuni, na maji yenye harufu yakanitiririka mpaka kiwikoni. Nikabonyeza wa pili. Nikabonyeza wa tatu. Nilipomwaga chungu na kuvuta mizizi, ganda lilikuwa likichomoka kama soksi, nabaki na uzi mtupu.

Ilipona miwa mitatu. Na mama alipokuja nikamdanganya, nikasema ni ugonjwa. Akaokota kipande, akakinusa, akanitazama. "Ugonjwa wenyewe unaitwa maji, mwanangu."

Mpaka leo nikimwona mtu na kopo la maji jioni, masikio hunipata moto.

4. Chunguni wekeni vipande vikubwa vya mkaa na matofali yaliyovunjwa, basi. Au ifungeni kwenye gogo kwa kamba za mgomba. Zitakapooza, mizizi itakuwa imeshashika.

5. Mzizi wa rangi ya fedha una kiu, wa kijani umeshiba. Maji asubuhi. Desemba hadi Februari punguzeni sana, na miwa ikikunjamana kidogo msiingiwe na huruma, maana ukame huo ndio unaoyaita yale maua ya manjano yenye madoa ya kahawia.

6. Mbegu zake ni vumbi, hazina akiba ya chakula, na bila kuvu wa kuzisaidia haziendi popote. Kuna mmoja wenu, simtaji, alizimwaga kwenye tuta akalimwagilia miezi miwili. Kilichoota ni mchicha. Tulikula, ulikuwa mtamu.

7. Mtu akija na gunia la okidi zilizobanduliwa msituni, msinunue hata kwa bei ya bure. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wameiweka miongoni mwa spishi zilizo hatarini, na biashara ya okidi kuvuka mpaka inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini. Za kugawanya tunazo wenyewe. Gawanyeni baada ya maua, kila kipande miwa mitatu au zaidi. Mitatu inatosha, nina ushahidi: ile ya mama wa Bombo niliifunga kwenye mwembe wa nyuma ya stoo, na kapu lake la mizizi limerudi, limejaa majani.

8. Ule mkasi wa mpini mwekundu uko kabatini. Msiulize ufunguo.