Helmeti za kale za futiboli ya Kimarekani: maswali yenu

Nani alianza kuvaa kofia ya kujikinga katika mchezo huu?

Anayetajwa zaidi ni Joseph Mason Reeves, mwanafunzi wa chuo cha jeshi la majini cha Annapolis. Mwaka 1893 daktari alimwonya kwamba akipigwa tena kichwani anaweza kurukwa na akili au kufa. Mechi dhidi ya wenzao wa chuo cha jeshi la nchi kavu ilikuwa imekaribia naye hakuwa tayari kuikosa, kwa hiyo akamwendea fundi viatu amshonee kofia. Aliishi, akapanda hadi cheo cha admirali.

NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, ililazimisha helmeti lini?

Mwaka 1943. Kabla ya hapo ilikuwa hiari: Dick Plasman wa timu ya Chicago Bears alicheza fainali ya 1940 kichwa wazi.

Nimenunua helmeti ya ngozi kwenye mnada hapa Ohio. Niipake mafuta ing'ae?

Nakusihi, usiipake chochote. Mafuta huingia kwenye ngozi kuukuu, huibadilisha rangi na huweza kulainisha mishono, na yakishaingia hayatoki. Ifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, ijaze karatasi isiyo na asidi ili isibonyee, kisha iweke mbali na joto la darini na unyevu wa chini ya nyumba. Halafu chungulia ndani: muhuri wa Spalding, Rawlings, Wilson au Goldsmith, pamoja na namba ya modeli, utakusaidia kuitafuta kwenye katalogi za zamani za viwanda hivyo. Ukikuta jina la kijana limeandikwa kwa wino, au weusi wa jasho kwenye paji, usivifute. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba kuna mtu aliyeivaa akaumia na kushangilia ndani yake, na mimi ningeichagua hiyo kuliko mpya ambayo haijawahi kutoka kwenye boksi.

Plastiki iliingiaje?

John T. Riddell wa Chicago alitoa helmeti ya plastiki mwaka 1939. Ubora wake ulikuwa pia ndani, kwenye mikanda iliyokiweka kichwa mbali na ganda. Mpangilio huo uliingia hata kwenye kofia za chuma za askari wa Marekani katika Vita vya Pili. Ila plastiki za mwanzo zilipasuka kirahisi. NFL ilizipiga marufuku mwaka 1948, ikazirudisha mwaka uliofuata. Ukiuziwa ya miaka hiyo, ipeleke kwenye mwanga uitafute mipasuko, hasa kuzunguka matundu.

Nembo je?

Kwa timu za kulipwa, mwanzilishi ni Fred Gehrke wa Los Angeles Rams (yaani kondoo dume), mchezaji aliyesomea sanaa. Mwaka 1948 alizichora pembe za kondoo dume kwa mkono wake, helmeti baada ya helmeti, kwa malipo ya dola moja kila moja. Vyuoni michoro ilitangulia: mabawa kwenye helmeti za Chuo Kikuu cha Michigan ni ya 1938.

Muuzaji anasema helmeti yake ni ya 1945, nayo ina kikinga uso. Niamini?

Mulika tochi kwenye matundu ya skrubu uone kama yalitobolewa baadaye. Vikinga uso vilienea miaka ya 1950, hasa baada ya Otto Graham wa Cleveland Browns kuchanwa mdomo mwaka 1953. Huenda ganda ni la 1945 kweli, lakini kikinga kimeongezwa baadaye. Hilo peke yake si kosa, kwani helmeti nyingi zilitumika hadi zikachakaa. Kosa ni kulificha na kudai bei ya kitu ambacho hakijaguswa.