Miles alikuwa na pa kwenda

Asalaam alaykum mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti kutoka huko chuo cha muziki cha Juilliard nimeusikiliza mara tatu. Unaniuliza: "Baba, Miles Davis mwenyewe aliiacha Juilliard, mimi miaka minne yote ya nini?"

Kisa hicho umekishika mkia. Miles, yule mpiga tarumbeta wa jazi, alifika New York mwaka 1944, kijana wa miaka 18, na aliyekuwa akimsaka hasa ni Charlie Parker, mpiga saksafoni. Mchana darasani, usiku vilabuni, Harlem na Mtaa wa 52. Alipoaga chuo mwaka 1945, alikuwa keshaanza kupiga na huyo Parker. Tena hakutoka mikono mitupu. Maktabani alikuwa akiazima noti za watunzi wakubwa akina Stravinsky, na baadaye aliwashangaa wanamuziki walioogopa kwamba nadharia itawaondolea hisia.

Wewe ukiaga kesho, usiku wake utapiga na nani? Nijibu hilo kwanza.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Nilipokuwa mpiga fidla wa mbele pale klabuni, alikuja mwalimu mgeni na makaratasi ya noti. Wenzangu wawili walijua kusoma. Mimi ni mtu wa sikio. Siku ya onyesho upinde wangu ulipita juu ya nyuzi bila kuzigusa, karibu nusu ya wimbo. Watu walitutunza, makofi yakapigwa. Aliyegundua ni mama yako peke yake, na mpaka leo tukigombana hunikumbusha.

Hao wanaokuuliza kwenu mnapiga muziki gani, usiwaonee haya. Chuo chako kilianza 1905, na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa hapa Unguja mwaka huohuo. Ni rika moja. Ile sauti ya tatu ya maqamu ya rasti, iliyokaa katikati ya noti mbili, uliyoisikia ungali tumboni, kwenye piano haimo, hata wazipange zote za hapo chuoni kwako Lincoln Center. Hiyo hakuna wa kukunyang'anya, basi usiogope wakikurekebisha mkono wa upinde. Mkono wangu mimi hakuna aliyewahi kuurekebisha, na bega umeliona.

Ada inayobaki baada ya ufadhili isikukoseshe usingizi. Mimi na ami yako tumeshakaa tukazungumza.

Mama yako anauliza kama lile koti linazuia baridi. Na uzi wangu wa kwanza umekatika tena. Ukipata mtu anayekuja, mpe seti mbili, si za bei kubwa.

Baba yako