Ndege imeonesha doa jekundu kwenye PML yetu, tushushe duara?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Sisi ni kikundi tuna PML (leseni ya wachimbaji wadogo) huku Geita. Kuna jamaa katuuzia ramani mbili, moja ya sumaku iliyopigwa na ndege na nyingine ya graviti (nguvu ya mvutano wa dunia), zote zina doa jekundu katikati ya eneo letu na anasema hapo ndo dhahabu imelala, tushushe duara (shimo la kuchimbia) tu. Anataka tummalizie nusu ya hela iliyobaki. Vijana wameshaanza kununua matimba (magogo ya kuegemeza kuta za duara). Eti ndege inaona dhahabu?

JIBU: Nzuri kaka. Waambie vijana matimba yasubiri kidogo.

Ndege haioni dhahabu. Mwamba wa gramu 5 kwa tani, ambao wewe na mimi tungeufurahia sana, dhahabu yake ni sehemu 5 tu kwenye milioni, hakuna mtambo wa angani unaoweza kuikamata hiyo. Sumaku inasoma zaidi magnetaiti, yaani madini ya chuma yenye sumaku, iliyomo kwenye mwamba, graviti inasoma mwamba mzito na mwepesi, basi. Dhahabu unaikisia kutokana na mwamba unaoikaribisha, kama zile tabaka za chuma za hapo Geita.

Sasa hilo jekundu. Programu inapanga namba toka ndogo hadi kubwa afu kubwa inapakwa nyekundu, ni hivyo tu. Na sisi tuko karibu na ikweta, sumaku ya dunia huku imelala haijasimama kama Ulaya, kwahiyo kama ramani haijarekebishwa mwamba wenye magnetaiti nyingi unaweza kutokea bluu na wekundu ukasogea kaskazini yake, yaani unachimba pembeni ya kitu chenyewe. Tena kwenye tabaka za chuma maji ya moto yaliyoleta dhahabu mara nyingi yaligeuza magnetaiti kuwa pairaiti (madini ya chuma na salfa), ambayo haina sumaku ya maana, kwahiyo mimi naangalia zaidi pale wekundu unapokatika ghafla au kupinda kuliko pale unapong'aa.

Kingine ambacho nadhani jamaa hajawaambia: PML mwisho wake ni hekta 10, yaani kama mita 316 kila upande. Ndege ya 1977 hadi 1980 iliyopita nchi nzima iliacha kilomita 1 kati ya mstari wa kuruka na mwingine! Kama ramani yenu imetokana na hiyo basi inawezekana kabisa ndege haikupita juu yenu hata mara moja na hilo doa limejazwa na kompyuta kutoka kwenye mistari ya jirani. Za kisasa zinaachana mita 200 au 250, hapo angalau mnapata mstari mmoja au miwili.

Graviti ndo usiseme. Ukikosea mwinuko wa mita 1 tu kipimo kinahama karibu miligali 0.2 (miligali ni kipimo cha graviti), na kwenye eneo dogo kama lenu mnachotafuta chenyewe kinaweza kuwa kidogo kuliko hapo, kwahiyo anayepima lazima awe na GPS ya sentimita sio ya simu. Kwa nikeli kama ya Kabanga graviti inasaidia, kwa sababu salfaidi (madini yenye salfa) zikijaa mwamba unaweza kupita gramu 4 kwa kila sentimita ya ujazo na graniti ni 2.65 hivi. Mshipa wa kwatzi wa nusu mita hauonekani, sanasana mtaona mpaka wa graniti na mawe ya kijani (miamba ya kale inayobeba dhahabu), ambao sio mbaya kuujua.

Mwambie awape namba zenyewe zenye koordineti sio picha, mwaka wa kuruka, na nafasi ya mistari. GST (taasisi ya jiolojia ya serikali) Dodoma wana data za ndege, nendeni mkalinganishe. Afu tembeeni eneo, angalieni maduara ya zamani yamefuata uelekeo gani, osheni udongo kwenye karai kwa mistari, panapoonesha rangi (chembe za dhahabu) pigeni trenchi (mtaro) fupi inayokata uelekeo wa mwamba sio inayoufuata, sampuli zipelekwe maabara. Trenchi ya mita 2 ni hela ndogo sana ukilinganisha na duara la mita 40 lililotoka tupu.

Nitumie hilo faili na koordineti za pembe nne za PML nikuangalizie. Na ile nusu iliyobaki msimpe mpaka alete namba.