Shangazi, mume wangu anataka kupita kwenye miamba kabla ya dripu ijayo

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wangu ana miaka 58 na anaugua saratani ya utumbo mpana. Upasuaji umepita, sasa yuko kwenye dawa: siku ya kwanza dripu ya oxaliplatin, wiki 2 za vidonge, wiki ya tatu anapumzika, halafu mzunguko unaanza upya. Imebaki mizunguko 3. Tunaishi Ontario, na kwa miaka mingi tumekuwa tukisema tutakodi boti ya injini yenye chumba cha kulala tupite Georgian Bay, kutoka Port Severn hadi Parry Sound. Sasa anataka twende Agosti hii hii, hataki kungoja dawa ziishe. Nahodha ni yeye, amekulia kwenye vyombo pwani ya nyumbani. Mimi kazi yangu imekuwa kufunga kamba. Tatizo ni kwamba vidole vyake vimeanza kufa ganzi, na watoto wananilaumu kwa kumsikiliza. Uliwahi kuandika kwamba ulipita kule na mumeo akiwa mgonjwa. Unaweza kunitumia alama za GPS za njia mliyopita? Na je, nimkatalie?
Mke wa Nahodha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza.

Alama zangu sikutumii, na nitakueleza kwa nini. Sisi tulipita kiangazi cha 2013. Januari ya mwaka ule Ziwa Huron lilikuwa limeshuka hadi kiwango cha chini kabisa tangu vipimo vianze kuwekwa mwaka 1918, na Georgian Bay ni sehemu ya ziwa hilo. Miamba mingi ilikuwa imetoa migongo nje. Nilikuwa naiona kwa macho, naizunguka, nashukuru Mungu. Kufikia 2020 maji yalikuwa yamepanda karibu mita 2 juu ya pale, na ile migongo niliyoikwepa ikawa imejificha chini. Ukifuata mstari wangu kwenye skrini, kosa la mita chache tu linakupandisha juu ya jiwe ambalo mimi nililiona na wewe hutaliona. Chukua ramani rasmi za majini za Kanada, za karatasi pamoja na zile za kwenye kifaa. Vina vilivyoandikwa humo vinahesabiwa kutoka kiwango cha ziwa cha mita 176.0 juu ya usawa wa bahari. Kabla hamjang'oa nanga, angalia ziwa liko wapi wiki hiyo, kisha jumlisha au toa.

Na ujue jiwe la kule ni la namna gani. Ni matale na miamba mingine migumu ya kale mno, iliyosuguliwa na barafu mpaka ikawa na migongo laini. Kwenye tope au mchanga chombo kikikwama unarudi nyuma polepole, basi. Kule hakuna kukwama kwa upole, rafadha inakatika. Visiwa ni vingi hata watu wanapaita Visiwa Elfu Thelathini, na kati ya kisiwa na kisiwa mna mawe ambayo hakuna aliyehangaika kuyapa jina.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuuliza. Usukani ushike wewe.

Oxaliplatin ina tabia ya kufanya vidole vichome na kufa ganzi vikigusa kitu cha baridi. Hebu fikiria mnyororo wa nanga uliolowa, vyuma vya omo alfajiri, kamba iliyotoka majini. Hapo hapo kuna uchovu, na kuna ule ukungu wa akili ambao wagonjwa wengi wa dawa hizi huusimulia: anajua anachotaka kufanya, lakini kinamfikia kwa kuchelewa. Katika mlango wa maji wa upana wa mita 20, kuchelewa sekunde 3 kunatosha.

Jingine ni maboya. Mumeo amejifunzia pwani ya Bahari ya Hindi. Kwetu Afrika, kama ilivyo Ulaya, ukiingia bandarini kutoka bahari kuu boya jekundu unaliacha kushoto. Kanada, na Amerika yote, ni kinyume: jekundu linakaa kulia. Mtu mzima mwenye afya husahau akishtuka, mkono ukarudia ulichozoea miaka 40. Mgonjwa aliyechoka je? Wewe hujazoea upande wowote, na kwa hili hiyo ni faida. Na kwa kuwa njia za ndani ya visiwa hazina bahari kuu iliyo wazi mbele yako, usikisie upi ni upande wa kuingia. Ramani inaonyesha kila boya mahali pake, lifuate moja baada ya jingine.

Kwa hiyo tumia wiki zilizobaki kujifunza. Chukua ile kadi ya uendeshaji ambayo Kanada inaidai kwa yeyote anayeendesha chombo cha starehe chenye injini, uwe nayo kwa jina lako mwenyewe. Jifunze na redio ya VHF, ile ya kuitana majini, upate cheti chake. Chaneli ni ya 16. Ukiwa na mgonjwa anayehitaji msaada lakini hayuko ukingoni mwa kufa, wito wako ni Pan-Pan mara tatu. Maisha yakiwa hatarini, ni Mayday. Simu usiitegemee, kuna mahali nyuma ya visiwa inakufa kabisa. Fanya mazoezi ya kutia nanga na kurudi nyuma gatini mumeo akiwa amekaa, amenyamaza. Kunyamaza ndiko kutakakomshinda, lakini mwombe.

Nikwambie lililonipata mimi. Mume wangu alikuwa na saratani ya tezi za limfu. Siku ya nne alianza kutapika mchana, nikamlaza chumbani. Kila siku alikuwa akikaa omo akinionyesha njia, siku hiyo nikawa peke yangu. Nilipita ghuba ndogo iliyotulia, nafasi ya nanga ilikuwepo, nikaiacha kwa sababu nilitaka kumfikisha gatini kabla ya jioni. Saa kumi na moja jua lilikuwa usoni kwangu, maji yote yanang'aa kama bati jipya, na mimi nikaongeza mwendo. Mlio wa jiwe kwenye rafadha bado naujua. Chombo hakikutoboka, ila injini ilitetemeka vibaya hata nikaizima. Tulilala pale kwa nanga, nikimpima joto kila saa, 37.4, 37.6, 37.5, mpaka tulipovutwa asubuhi. Ile ghuba ilikuwa nyuma yetu dakika 10 tu.

Tangu hapo kwenye miamba natembea kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa juu au mgongoni. Miwani iwe ile inayokata mng'aro wa maji. Maji ya kahawia au manjano ni mafupi, meusi ni marefu, isipokuwa wingu likipita, maana kivuli chake hudanganya. Maji yaliyolala kama kioo usiyaamini, upepo mdogo ni bora kwa sababu viwimbi huvunjika juu ya jiwe ukaliona.

Kuhusu ugonjwa, muulize daktari wake juu ya wiki ya tatu. Chembe nyeupe za damu kwa kawaida hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kisha huanza kurudi, na ile hali ya kuogopa baridi mara nyingi huwa kali zaidi siku za mwanzo. Apimwe damu kabla hamjaondoka, na jibu mlione. Akifikisha joto la 38 safari imekwisha. Usimpe dawa ya kushusha homa ukangoja kuona, peleka hospitali saa hiyo hiyo. Hospitali ziko Midland na Parry Sound, kwa hiyo kwa kila mahali mtakapolala andika kwenye daftari ni saa ngapi hadi gati ambalo gari la wagonjwa linafika. Mahali penye zaidi ya saa 2, pafute. Kuharisha kwa sababu ya vidonge nako kusidharauliwe, mtu hukauka upesi akiwa juani. Na kama ana mrija wa dawa mkononi, asiogelee.

Kitu kimoja zaidi, tafadhali kisome mara mbili. Akisema kichwa kinamuuma, ana kichefuchefu na kizunguzungu, nyote mtasema ni dawa. Inaweza kuwa moshi wa injini au jenereta. Kaboni monoksidi haina harufu, na dalili zake ni hizo hizo. Ukiona na wewe kichwa kinakugonga, zima kila kitu, mtoe nje kwenye upepo. Boti isiyo na kengele ya gesi hiyo chumbani msiichukue.

Umeniuliza kama umkatalie. Simkatalii mtu ziwa kwa sababu anaumwa. Wangu aliishi miaka 3 baada ya safari ile, na hakuna wiki aliyoitaja mara nyingi zaidi. Lakini Parry Sound punguzeni: siku 4, mwende nusu ya njia na kurudi, kila siku mwendo wa saa 2 au 3, alasiri mmetia nanga amelala. Watoto waambie hivyo, na uwaachie nakala ya lile daftari.

Yeye mwekee kiti omo, ndani ya uzio, jaketi la kuokolea kifuani na mto mgongoni, mkiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea tu. Mwambie aonyeshe njia kwa mkono mzima. Wangu alifanya hivyo kwa sababu vidole vilikuwa havina hisia, na kutoka kwenye usukani niliuona vizuri mno ule mkono.