Nimelowesha Mkole Siku Sita, Mbona Umechanika?

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Nachingwea, natengeneza pinde za kikundi chetu cha ngoma. Fimbo ya mkole yenye unene wa sentimita 2, iliyokauka kivulini miezi minne, niliilowesha pipani siku sita, nikaichemsha dakika 20, lakini nilipoikunja kwenye kalibu mgongo, yaani upande wa nje wa mkunjo, ulichanika vibanzi. Nimeambiwa kuna dawa ya chupa ya kulainisha mti, na wengine wanasema nipake mafuta ya taa. Nitumie ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usitumie hata moja. Kila msimu wa kiangazi vijana huniletea hapa Mikindani fimbo zilizopasuka kama yako, na karibu wote wameamini kwamba maji ndiyo yanayolainisha mti.

Kinacholainika ni lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzinyuzi za mti, nayo hulainishwa na joto. Unyevu huifanya ikubali kulainika katika joto ambalo mvuke wa kawaida unaweza kulifikisha, yaani karibu na nyuzijoto 100. Kuta za vijumba (seli) vya mti hushiba maji yanapofikia takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Yanayozidi hapo hukaa kwenye matundu bila kusaidia chochote, hula moto wako mwingi kabla hayajapata joto, na upande wa tumbo, yaani wa ndani wa mkunjo, unapobanwa hukosa pa kutokea, yakaweza kupasua vijumba hivyo. Tena fimbo iliyokwisha kukauka hunywa maji zaidi kwenye ncha, kwa hiyo baada ya siku sita yawezekana kabisa kwamba katikati ya upinde wako palikuwa bado pakavu.

Kosa lako kubwa ni zile dakika 20. Kadiria saa moja ya mvuke kwa kila sentimita 2.5 za unene, ukihesabu tangu mvuke ulipojaa katika bomba la kufukizia fimbo, si tangu ulipowasha kuni. Fimbo yako ilihitaji kama dakika 50. Bomba liachie tundu la kupumua, kwa maana chombo cha mvuke kilichozibwa pande zote hulipuka. Ukishaitoa fimbo, ikunje papo hapo, kabla dakika moja haijaisha.

Mgongo ndio uliochanika kwa sababu mti uliopata mvuke hukubali kubanwa sana lakini huvutika kidogo mno, takriban asilimia 2 tu. Funga ukanda wa bati mgongoni, uliozuiwa vizuri kwenye ncha zote mbili, ili bati libebe mvutano. Hata hivyo, kama tezo lako lilikata nyuzinyuzi za mgongo badala ya kuzifuata, hakuna mvuke utakaouokoa upinde huo.

Sasa hiyo dawa. Wazee wanaonyoosha mishale juu ya makaa huipaka mafuta ili ngozi ya mti isiungue na joto lienee sawasawa. Watu waliotazama kwa mbali waliona mafuta wakasahau makaa, na leo wapo wanaouza chupa kwa vijana wasio na fedha za kupoteza, jambo linalonikera kuliko yote katika kazi hii. Anayekuuzia chupa mwambie apake dawa yake na akunje fimbo kavu mbele yako bila kuwasha moto. Mafuta ya taa usiyasogeze kabisa karibu na jiko la mvuke. Nimewahi kumkimbiza hospitali mwanafunzi wangu aliyeungua mkono kwa ushauri wa namna hiyo.

Wengine hukimbilia kufunga ugwe siku ileile. Upinde ukae kwenye kalibu mpaka upoe kabisa, angalau siku nzima, kisha ukauke kivulini wiki mbili au zaidi, hasa wakati wa masika, kwa kuwa upinde uliovutwa ukiwa na unyevu hubaki umelala kuufuata ugwe, na haurudishi nguvu yake hata ukaukeje baadaye.